Kiunzi cha Mzee Oyat

Nsambya, Kampala
Jumatatu, 4 Machi 2024

Mzee Saverio Oyat,

Hatujuani, lakini nimeishi na kazi ya mikono yako mwaka mzima, kwa hiyo nakusalimu kama mtu wa nyumbani: hujambo Mzee wangu, na huko Luzira mvua imewaachia? Jina langu ni Husnah Abdul-Karim. Ninaandika programu za kompyuta kwa shirika dogo lenye zahanati kumi na nne hapa Kampala na pembezoni. Naandika kwa kalamu, na kidole tayari kinalalamika, kwa sababu ukurasa wa kwanza wa maelezo ya Kiunzi, kile chombo chako, unasema: "Malalamiko yaandikwe kwa mkono, kwenye karatasi, yaachwe kwa dada yangu Joska anayeuza mapazia soko la Owino. Barua pepe sijibu." Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka. Leo sicheki.

Nianze na sifa, maana zilikuwepo kabla ya shida. Juzi Bibi yangu aliniuliza mimi hufanya kazi gani hasa. Nikamwambia: naandika maelekezo kwa Python, lugha nyepesi, lakini kompyuta huyasoma mstari mmoja mmoja, polepole kama karani mzee. Sehemu nzito inabidi iandikwe kwa C, ijengwe mara moja iwe lugha ya mashine yenyewe, kisha iunganishwe na Python. Kuunganisha huko kuliwatoa watu machozi, mpaka mzee mmoja wa Luzira akatengeneza chombo kinachojenga, kinachounganisha, na kukukabidhi kifurushi kilicho tayari kumpelekea mtu mwingine. Bibi akasema, "Basi fundi ni huyo mzee. Wewe ni mteja."

Tena ni chombo pekee ninachokijua chenye adabu. Vingine vikishindwa hukumwagia kurasa tatu za matusi. Kiunzi kinasema: "Samahani, maktaba ya picha sijaiona. Umesahau kuiweka?" Nilipoona hivyo nilijua aliyekiandika aliwahi kukaa na watu waliochoka.

Sasa shida. Programu yangu inasoma picha ya tone la damu na kuhesabu vimelea vya malaria. Kwa Python peke yake ilichukua dakika nne kwa kila picha. Kwa Kiunzi ni sekunde tu. Mkurugenzi wetu, Dk. Nabangala, alipoona alipiga makofi. Wiki iliyopita tukapeleka kifurushi kwenye zahanati zote. Tano zinafanya kazi vizuri. Kwenye tisa, zenye kompyuta kuukuu, programu inakufa palepale inapofunguliwa, haisemi hata neno. Moja kati ya hizo tisa ilikuwa imeshamruhusu mpimaji wake aende likizo, ikitegemea programu. Kwa siku mbili wagonjwa walirudishwa bila kupimwa. Mtoto mmoja alizidiwa, akalazwa. Ameshapona, alhamdulillahi.

Dk. Nabangala anataka kujua kosa ni la nani, na mkataba wangu unakwisha mwezi wa nne. Nimemwambia kosa liko kwenye Kiunzi. Tafadhali litafute.

Wako kwa heshima,
Husnah


Luzira
Jumamosi, 9 Machi 2024

Bi Husnah,

Barua imefika. Joska aliileta Alhamisi, ameikunja ndani ya pazia la maua isilowe.

Sentensi ya mtoto nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine zote. Nashukuru amepona. Kama ni Kiunzi kilichofanya hivyo, basi ni mimi niliyefanya, na sitajificha nyuma ya chombo.

Watu wote huniuliza habari ya karatasi, hata wasipouliza. Nilikuwa fundi wa redio katika polisi kwa miaka ishirini na sita. Sheria ya chumba cha redio ilikuwa moja: ujumbe uandikwe kwanza, ndipo ubonyeze kitufe. Nusu ya ujumbe iliishia kwenye karatasi, maana afande alipoanza kuandika aligundua kuwa hana la kusema. Nusu ya malalamiko ya Kiunzi huishia hivyohivyo. La kwako halikuishia, kwa hiyo nalichukulia kuwa zito.

Niandikie kila amri uliyokipa Kiunzi siku uliyojenga kile kifurushi. Neno kwa neno, usifupishe. Niandikie pia kompyuta za zahanati zile tisa ni za umri gani. Hapa sebuleni ninazo sita kuukuu, na binti yangu Amony anasema tukipata mgeni atakaa juu ya moja. Vijana huniandikia kwamba niachane na mashine za zamani ili Kiunzi kiwe chepesi. Huwa nawajibu kwamba mashine ikiwaka ina haki ya kuhudumiwa. Watu wetu wengi wanafanya kazi na kompyuta ambazo wengine walishazitupa.

Sifa nimezipokea. Zimenifurahisha kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

S. Oyat


Nsambya
Jumatano, 13 Machi 2024

Mzee wangu,

Ramadhani imeingia na mwandiko wangu umekonda. Nyuma ya karatasi hii nimekunakilia amri zote nilizoandika siku ile, saba kwa jumla. Ndizo hizo, sikubakiza. Kompyuta za zile zahanati tisa zina umri wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Zile tano zinazofanya kazi ni mpya, kama yangu.

Dk. Nabangala ameniita tena leo. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliuliza tu, "Wamejibu?" Nikasema mwenye chombo analifanyia kazi.

Mimi si mtu wa kumfundisha fundi kushika randa, lakini nimewaza: labda kosa liko katika ile sehemu ya Kiunzi inayochagua kifurushi kijengwe kwa mashine ya aina gani. Huenda inachagua vibaya. Ungeanzia hapo.

Nilimsalimia Shangazi Joska kibandani kwake, na sijui ilikuwaje nikaondoka na pazia la kijani la Bibi ambalo sikwenda kulinunua. Huyo naye ni fundi.

Husnah


Luzira
Jumamosi, 23 Machi 2024

Bi Husnah,

Nimejenga programu yako kwa amri zako saba, nikaiweka kwenye kompyuta zote sita. Inafanya kazi kwenye zote. Nimebomoa, nimejenga upya, nimebadilisha hata nyaya. Inafanya kazi. Kosa linalojificha namna hii ndilo baya kuliko yote.

Nikafanya ulivyonishauri, nikafungua ile sehemu inayochagua aina ya mashine. Acha nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Sehemu ile niliiandika mwaka 2019, mwaka ambao mke wangu, Atoo, aliumwa mpaka akatutoka. Niliiandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, kompyuta magotini. Alipenda kusikia vitufe vikigonga, alisema vinamjulisha kuwa nipo. Mimi nilidhani kichwa changu kinafanya kazi. Sasa naisoma mistari ile na siiamini hata mmoja. Kila ninapotazama naona mtu aliyekuwa akifikiria mambo mengine.

Siwezi kuonyesha kosa lilipo. Lakini mtoto alilazwa, na hilo halihitaji kuonyeshwa. Nimeamua Kiunzi nikiondoe kwa umma tarehe 15 Aprili. Nimeanza kuwaandikia wanaokitumia watafute chombo kingine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Dk. Nabangala. Nimemwandikia kwamba kosa ni langu peke yangu na kwamba wewe ulifanya kazi yako kama ipasavyo. Mpe. Sitaki kijana apoteze mkataba kwa sababu ya mwaka wangu mbaya.

S. Oyat


Owino, soko la mapazia
Jumamosi, 30 Machi 2024

Mwanangu Husnah,

Mimi ni Joska, dada ya Saverio. Mimi siandikaka barua, hii naandika na kalamu ya kupima mapazia, utasamehe. Hii mambo ya kompyuta mimi sijui. Ndugu yangu mimi najua.

Nnyabo, Saverio hali chakula. Ile kompyuta sita amezima zote, amefunika na shuka kama maiti. Kesho ni Pasaka na amesema haendi kanisa. Amony analia. Jana nilimpikia malakwang, ile mboga yake ya nyumbani, akaangalia tu.

Halafu jana ameniuliza kitu ambayo imenivunja. Ameuliza, "Joska, kama ile mwaka kichwa yangu ilikuwa mbaya hivyo, dawa ya Atoo nilikuwa nampa sawa?" Kwa sababu ni yeye alikuwa anampa dawa, asubuhi, mchana, usiku, sisi wote tulikuwa kazini. Nikamwambia acha hiyo. Akasema, "Mtu anakosea kompyuta, anaweza kukosea chupa."

Wewe umesoma, na yeye anakusifu, anasema huyu msichana anaandika barua vizuri. Mwandikie kitu. Mwambie ile kosa ni kidogo. Mimi sina mwingine wa kuomba.

Ni mimi,
Joska


Nsambya
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mzee Oyat,

Isome hii ukiwa umekaa. Kiunzi hakina kosa. Kosa ni langu, na nililijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza.

Amri zilikuwa nane. Nilikunakilia saba.

Asubuhi ile Dk. Nabangala alipokuwa anakuja kuona programu, picha moja ilichukua sekunde sita. Sita zilikuwa zinatosha kabisa. Mimi nikataka mbili. Nikakiambia Kiunzi kijenge kwa ule mpangilio wako wa "mashine-hii", unaotumia kila nguvu iliyomo kwenye kompyuta inayojenga, hata zile nguvu ambazo kompyuta za zamani hazikuzaliwa nazo. Kiunzi kikasimama, kikaniandikia: "Kifurushi hiki kitafaa hapa tu. Kwenye mashine nyingine kinaweza kufa bila kusema neno. Usimpe mtu. Ukikubali, andika: nimeelewa."

Nikaandika nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, nilikuwa na haraka. Bibi akisikia ataniambia lile la haraka na baraka, na safari hii nitanyamaza.

Nilikusudia kujenga kifurushi kingine cha kawaida kabla ya kupeleka kwenye zahanati. Makofi yakanisahaulisha. Simu ya kwanza ilipoingia kwamba programu inakufa, nilikumbuka kabla sijaweka simu chini. Nikamwangalia Dk. Nabangala, nikafikiria mkataba, na mdomo wangu ukasema "Kiunzi". Baada ya hapo kila uongo ulizaa mwenzake. Kukushauri ufungue ile sehemu ya kuchagua mashine, hiyo ilikuwa njia ya kukupoteza. Sikujua uliandika nini mwaka ule wala ulikaa kando ya nani. Lakini hata kama sikujua chochote, nilimwonyesha mtu mwadilifu mahali pa kujilaumu, nikaondoka. Nimefunga chakula wiki tatu na ulimi sikuufunga.

Barua yako kwa Dk. Nabangala ilikaa siku tano kwenye mkoba wangu. Ningependa kukwambia kwamba sikushawishika. Nilifika mpaka mlangoni kwake nayo mkononi.

Shangazi Joska ameniandikia. Amenieleza swali ulilomuuliza la dawa. Mzee, kichwa chako mwaka ule hakikuwa na kosa lolote ambalo mimi nimeliona. Kosa pekee lililopo katika habari hii lilifanywa mwaka huu, na mtu mwenye afya, mchana kweupe.

Kesho saa tatu asubuhi naingia kwa Dk. Nabangala kumweleza. Barua hii nampelekea Shangazi leo, ili kesho nikitaka kurudi nyuma nikute njia imeshafungwa. Barua uliyomwandikia nakurudishia, haijafunguliwa.

Usinisamehe haraka. Tafadhali washa tu zile kompyuta.

Husnah


Luzira
Jumamosi, 6 Aprili 2024

Husnah,

Nimepokea. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

S. Oyat


Luzira
Jumamosi, 13 Aprili 2024

Husnah,

Nilikasirika. Nimekasirika hadi sasa, kidogo kuliko juzi. Niliandika barua tatu nikazichana, maana katika chumba cha redio tulifundishwa pia kwamba hasira haitumwi hewani. Umenila siku ishirini na nne. Hizo sitarudishiwa, na sitajifanya kwamba si kitu.

Nikiisha kusema hayo, nikwambie nilichofanya. Nilitoa shuka. Nikajenga programu yako kwa amri zote nane kwenye kompyuta mpya ninayofanyia kazi, nikaiweka kwenye zile kuukuu zote sita, nikaifungua kwenye moja baada ya nyingine. Ikafa kwenye zote sita, kimya, kama ulivyosema. Sijawahi kufurahi hivyo kuona programu ikifa. Amony alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimeanguka, kumbe nacheka.

Kisha nikarudi kwenye mistari ya mwaka 2019. Mara ya kwanza niliisoma kama askari anayempekua mtuhumiwa, na ukimpekua mtu hivyo kila mfuko wake una kisu. Mara hii niliisoma kama fundi anayesoma kazi ya fundi mwingine. Husnah, ni kazi nzuri. Ni bora kuliko nilizofanya nikiwa na furaha. Kuna mahali mtu yule amezingatia aina ya mashine ambayo hata mimi leo nisingeikumbuka. Simjui vizuri mtu yule aliyekaa kando ya kitanda, lakini ningempa kazi.

Sasa lile la dawa. Mwaka ule nilikuwa na daftari moja tu. Ukurasa wa kulia niliandika Kiunzi, ukurasa wa kushoto niliandika dawa za Atoo: saa, jina, kiasi, na kama amezitapika. Daftari hilo sikuwa nimelifungua tangu mazishi. Lilikuwa chini ya sanduku, na nilikuwa nimeamua life huko. Jumapili iliyopita, baada ya barua yako, nilimwita Joska tukalifungua pamoja. Yeye alisoma, mimi nilisikiliza. Siku mia mbili na kumi na moja. Sikuruka hata saa moja. Kuna siku mwandiko umepinda kwa usingizi, lakini saa ipo, na kiasi ni kilekile alichoandika daktari.

Bila uongo wako nisingeliogopa daftari lile, na bila ukweli wako nisingelifungua. Sijui nikushukuru kwa lipi, kwa hiyo leo sikushukuru. Nakwambia tu ili ujue barua yako ilifanya kazi gani hapa nyumbani.

Kiunzi hakiondoki. Wale niliowaandikia nimewaandikia upya, bila kutaja jina lako. Mmoja ameshauri niuondoe ule mpangilio wa "mashine-hii", au neno "nimeelewa" lirekodiwe ndani ya kifurushi ili siku nyingine mkosaji akamatwe. Sitafanya hivyo. Mtu mzima akiandika kwa mkono wake kwamba ameelewa, nitamwamini. Nikiacha kuwaamini watu sina sababu ya kuwatengenezea vyombo.

Wewe ujenge kifurushi cha kawaida, cha sekunde zako sita, na usikitume kwa mtandao. Kipeleke mwenyewe kwenye zile zahanati tisa, kwa miguu yako, na ukae mpaka uone kila kompyuta inahesabu. Ukimaliza niandikie.

Eid yenu natumaini ilikuwa njema.

Saverio


Nsambya
Jumamosi, 27 Aprili 2024

Baba Amony,

Nimemaliza zote tisa.

Kwanza habari za ofisini, kwa kifupi. Dk. Nabangala alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza mtoto aliyelazwa anaitwa nani. Nilikuwa silijui jina lake. Akasema, "Nenda ukalijue, halafu rudi tuzungumze." Anaitwa Nakito, ana miaka minne, na mama yake alinikaribisha chai kabla sijamweleza mimi ni nani, na baada ya kumweleza hakunifukuza, ila hakunimiminia kikombe cha pili. Mkataba wangu hautaendelea. Nimepewa mwezi huu nimalizie kazi na kumwelekeza atakayenifuata. Sikulia mbele ya mkurugenzi, nililia kwenye ngazi, na mlinzi akaniazima leso.

Nilijenga kifurushi kama ulivyosema. Kiunzi hakikuniuliza chochote, maana hapakuwa na cha kuuliza. Nikakitia kwenye kidude cha kuhifadhia, nikakivaa shingoni kwa kamba kama ufunguo wa nyumba, nikaanza kuzunguka. Zahanati nyingine nilifika nikakuta hawana umeme, nikangoja. Nyingine mpimaji aliniambia, "Wee dada, umerudi na ile kitu yako ya kufa?" nikasema ndiyo, nimerudi nayo, nipe nafasi.

Ya mwisho ilikuwa jana, ile iliyowarudisha wagonjwa. Mpimaji wao amesharudi kazini, anaitwa Ogwal, ni mtu wa maneno machache. Kompyuta yake ni kuukuu kuliko zote, feni yake inakoroma na kitufe kimoja kimeshikwa na plasta. Alitazama skrini kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumuuma. Akaweka kioo chini ya darubini, akapiga picha, akafungua programu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Haikufa. Ilichukua sekunde kumi na moja kwenye mashine ile ya kizee, ikahesabu, ikatoa namba. Ogwal hakuamini, akahesabu mwenyewe kwa jicho, kwa dakika nyingi, kidole kikihesabu mezani. Namba zilikaribiana sana. Akaiandika kwenye kitabu, akaita, "Mwingine aingie." Akaingia mama na mapacha, kisha mzee, kisha kijana wa bodaboda mwenye baridi ya homa. Nilikaa pale mpaka watu kumi na tisa wakapimwa, na hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Hakuna aliyepiga makofi. Na nilielewa, Baba Amony, nikiwa nimeketi kwenye benchi lile, kwamba kazi yako siku ikienda vizuri ndivyo inavyoonekana: watu wanapita, wanapata majibu, wanakwenda zao. Umefanya hivi miaka yote, kwa mashine zilizotupwa, na mimi nilikuwa tayari kuliuza jina lako kwa sekunde nne.

Ogwal alipofunga kitabu hakuuliza ni nani aliyetengeneza kitu kile, wala mtu mwingine yeyote chumbani hakuuliza. Nikawaambia.

Binti yako,
Husnah